Jelagat na Mlango Uliotazama Jua

Watu hupenda kusema kwamba mtu anayeishi karibu na msitu, ng'ombe na mvua hawezi kukosa kumjua Mungu. Mimi sikatai, lakini pia sikubali upesi. Nililelewa katika nyumba moja na watu wawili walioamshwa na jogoo mmoja. Wa kwanza ni mama yangu Jelagat, ambaye hakupitisha asubuhi bila kusema na Mungu. Wa pili ni kaka yangu Kimeli, aliyechunga ng'ombe tangu akiwa na meno ya utoto, akanyeshewa na mvua zote za Ainabkoi, na ukimuuliza habari za Mungu anakuambia mvua ni mvua, ikikunyeshea utafute mti.

Nitaeleza habari za mama, kwa maana waliomjua wamebaki wachache, na mimi ndiye niliyefika darasa la nne pale shambani. Nilisoma vizuri kuliko wavulana wote wa darasa langu, na mwalimu mwenyewe alisema hivyo mbele yao.

Mama alizaliwa upande wa Keiyo, pale juu kabla nchi haijaporomoka kwenda bondeni. Aliolewa na baba yangu Kipngetich, wakaja kukaa katika shamba la Kaburu mmoja, si mbali na stesheni ya Ainabkoi. Wakati huo Makaburu walikuwa bado wanalima kwa maksai, na Eldoret sisi tuliiita Sisibo. Baba aliendesha maksai wa plau. Mama alikama. Alikama miaka mingi hata vidole vyake vikawa havinyooki sawasawa, na ng'ombe aliyekataa mikono ya wengine aliletwa kwake. Hakuwa na siri yoyote ya kukama. Alikuwa hana haraka tu, na ng'ombe anapenda mtu asiye na haraka.

Kila alfajiri kabla ya kwenda kukama alitoka nje ya nyumba yetu. Nyumba ilitazama upande jua linakotoka, kama nyumba zote za watu wetu. Alisimama mlangoni, kibuyu mkononi, akingoja mpaka jua lionyeshe ukingo wake juu ya miti. Hapo alipiga funda moja la maziwa, akalipuliza mbele yake kama ukungu, na kusema. Sisi Mungu tulimwita Asis kabla kanisa halijaja. Maneno ya mama hayakuwa mengi. Alisema, Asis, umelala na sisi na umeamka na sisi. Tazama watoto. Tazama ng'ombe. Mtazame na huyu Kaburu, asiamke na hasira. Kisha alifuta mdomo akaenda kazini. Kulikuwa na asubuhi za baridi kali ile inayoshuka kutoka Timboroa, majani yote meupe kama yamemwagiwa chumvi, na bado alitoka bila viatu.

Baba alipougua kifua, alikuwa ameanza kwenda kwa watu wa kanisa. Mchungaji alikuja akambatiza kitandani, na kabla mwezi haujaisha baba akafariki. Wakamzika kwa nyimbo. Mama hakulia sana mbele ya watu. Lakini siku moja tukichambua mboga aliniambia kitu kilichokuwa kinamla. Alisema kanisa linafundisha kwamba waliobatizwa wanaenda pamoja mahali pamoja. Sasa baba yako amekwenda huko, na mimi sijabatizwa. "Atakaa huko peke yake," alisema. "Na yule mtu hajui hata kuwasha moto."

Kwa sababu hiyo aliingia darasa la ubatizo, mwanamke mzima, akakaa benchi moja na mimi. Aliyetufundisha ni Mwalimu Phineas Nyongesa, Mbukusu aliyekuja kutoka magharibi kuwa karani wa maziwa. Siku za kazi aliandika galoni, na Jumapili alisoma Biblia. Alikuwa mtu mpole. Mungu wake alikuwa amempata katika kitabu, akiwa shuleni, na alimpenda kweli kweli. Nasema hivyo ili mtu asidhani kwamba wa kitabu anampenda Mungu kidogo kuliko wa msitu.

Kanisa letu lilijengwa na wanaume wa shamba wenyewe, siku zao za kupumzika. Kaburu aliwapa kipande cha ardhi kando ya barabara, wakakata nguzo msituni, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Fundi mkuu alikuwa Jackson Kipyego, mzee wa kanisa wa kwanza, ndiye aliyepanga nguzo na kuonyesha kila kitu kikae wapi. Lilikuwa kanisa zuri, isipokuwa ukitoka barabarani ilibidi ulizunguke lote ndipo uupate mlango. Tena ibada ya asubuhi jua liliingia moja kwa moja mpaka kwenye mimbari, hata Mwalimu Nyongesa akawa anasoma huku ameweka mkono juu ya macho. Sisi watoto tulidhani hivyo ndivyo Biblia inavyosomwa, na tukicheza kanisa nyumbani, anayekuwa mwalimu lazima aweke mkono hivyo.

Sasa huyu Jackson ndiye aliyepeleka krimu stesheni kwa mkokoteni wa maksai, na njia yake ilipita karibu na nyumba yetu alfajiri. Alimwona mama kila siku. Zamani alipita tu akasalimu. Lakini jina la mama lilipoandikwa kati ya watakaobatizwa, moyo wake ulimsumbua. Alikwenda kwa Mwalimu akasema kwamba Jelagat anaabudu jua, na kwamba yeye kama mzee wa kanisa hawezi kunyamaza. Jackson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameacha mengi kwa ajili ya kanisa, hata ndugu zake walimtenga, na aliona vigumu mwingine aingie bila kuacha kitu.

Mama aliitwa akaelezwa kwa upole. Mchungaji atakuja baada ya mavuno, yeye huja mara chache. Kama Mama Jelagat anataka kubatizwa, aache kutoka nje alfajiri. Aombe ndani, mlango umefungwa, kama Wakristo wengine. Mama alikubali. Hakubishana hata neno moja, na hilo lilinishangaza kwa maana alikuwa hodari wa kubishana.

Basi akawa anaomba ndani, amepiga magoti kando ya kitanda, nyumba imejaa moshi na ng'ombe wanalia nje. Nilimsikia akianza na kukatika katikati. Alisema nami baadaye kwamba ni kama kuongea na mtu huku umempa mgongo. Kimeli, ambaye hakuwahi kuona jambo akaliacha bila mzaha, alimuuliza asubuhi moja akila ugali wa jana, "Mama, siku hizi jua linajichomozea lenyewe?"

"Linachomoza," mama alisema. "Mimi ndiye sijachomoza."

Kimeli alicheka, mama hakucheka. Baadaye Kimeli alisema nami kwa sauti ndogo kwamba yeye yuko nje kila siku, mvua na jua, na hajawahi kumwona mtu huko juu wala kusikia sauti, na mama anajisumbua bure pande zote mbili. Nilimpelekea mama maneno hayo, si kwa uchongezi, nilitaka kujua atajibu nini. Alisema Kimeli hutazama ng'ombe wasipotee, na hiyo ni kazi nzuri, lakini mtu anayetazama ng'ombe ataona ng'ombe.

Mavuno yaliisha, na Mchungaji Shitanda akaja. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti refu lililochakaa mikononi, na alikuwa amelala Eldoret kwa watu wa kanisa, akaletwa asubuhi na lori la ngano. Kanisa lilijaa. Sisi wa kubatizwa tuliwekwa mbele, mama benchi la kwanza, mimi benchi la pili nyuma yake. Jua lilikuwa limeingia mlangoni likampata Mchungaji usoni. Alisogea kushoto, likamfuata. Akasogea kulia, likamfuata.

Halafu akasema, "Simameni tuombe."

Tulisimama. Na mama yangu, aliyejizuia tangu kabla ya mavuno, aligeuka. Sidhani hata alijua. Aliisikia ile amri ya kuomba, na miguu yake ikafanya inachojua. Nilijikuta natazamana naye uso kwa uso, yeye ametazama mlangoni kwenye jua, amempa Mchungaji mgongo, macho yamefumbwa nusu na midomo inatembea. Nilimvuta shuka. Hakuona.

Maombi yalipoisha Jackson Kipyego alikuwa amesimama. Alisema kwa heshima, lakini kila mtu alisikia, kwamba Mchungaji amejionea mwenyewe, na kwamba mama huyu hawezi kubatizwa leo. Mama alikuwa ameshageuka. Alishika ukingo wa benchi. Nilijua anachofikiria, anafikiria baba na moto wake.

Mchungaji hakukasirika. Alimuuliza kama ni kweli anaabudu jua.

Mama alifikiri kwanza. "Mchungaji, nikija kukutembelea nyumbani kwako, nitasimama nje nitazame mlango wako na kupiga hodi. Je, nimesalimia mlango?"

Mchungaji aliweka mkono juu ya macho, maana jua lilikuwa bado linampiga, akatazama kule mama alikokuwa ametazama. Nafikiri alikuwa amechoka na lile jua tu. Aliuliza, "Kanisa hili nani alipima mlango?"

Watu wote walimtazama Jackson.

"Ni mimi," Jackson alisema.

"Barabara iko nyuma. Kwa nini mlango uko huku?"

Mimi nilikuwa namtazama Jackson, na naweza kusema kwamba hakuwahi kujiuliza jambo hilo mpaka dakika ile. Alikuwa amejenga nyumba nyingi maishani, na zote aliweka mlango huko, kama baba yake alivyoweka.

"Mchungaji," alisema mwishoni, "mlango huwekwa huko."

"Na nani?"

"Na watu."

Nanzala, mke wa Mwalimu, alikohoa kuficha kicheko, na wengine hawakuficha. Jackson mwenyewe hakucheka wala hakukasirika. Aligeuka akautazama ule mlango, ile miimo aliyoichonga kwa mkono wake, na jua limejaa pale katikati.

Mchungaji alingoja kanisa litulie, kisha akarudi kwa mama. "Nikikubatiza leo, kesho asubuhi utafanya nini?"

Hapo nilitamani mama aseme uongo mdogo. Ilikuwa rahisi. Angesema nitaomba ndani, na maji yako pale tayari kwenye karai.

"Nitatoka nje," mama alisema. "Nimejaribu ndani. Nimeshindwa."

"Utasema na nani huko nje?"

"Na yule yule niliyesema naye tangu zamani. Ila sasa nitamwambia nimesikia habari za Mwanawe. Zamani sikuwa nazo."

"Na yale maziwa?"

Mama aliangalia chini. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko lote, niliona. "Yalikuwa yangu ya kumpa," alisema. "Lakini kama yanawakwaza watu, nitayanywa."

Mchungaji akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yeye ni mgeni, anakuja na kwenda, lakini mzee wa kanisa anaishi na watu hawa. Kama Mzee Jackson bado ana neno, ubatizo wa mama utangoja mpaka safari nyingine. Na hakuna aliyejua safari nyingine itakuwa lini, maana Kaburu alikuwa ameanza kupunguza watu shambani na kuwarudisha Reserve, ile ardhi iliyotengewa Waafrika, na wajane walikuwa wa kwanza.

Jackson aliizungusha kofia mkononi. Alimtazama mama. Akatazama mlango tena.

"Mimi sina neno," alisema, na akaketi.

Mama akabatizwa Esther, na mimi Hellen. Maji yalikuwa baridi kama ya mtoni. Aliporudi kukaa, uso umelowa, aliniinamia akasema, "Sasa huyo mtu atapata wa kumwashia moto."

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida, nikachungulia. Alikuwa mlangoni, bila viatu. Kibuyu alikuwa nacho mkononi kwa mazoea, kisha akakiweka chini taratibu, karibu na mguu wake. Jua lilipoonyesha ukingo alianza kusema, na sauti yake haikukatika.

Mkokoteni wa krimu ulikuwa unakuja, nikausikia kwa mbali. Ulipofika pale njia inapopita mbele ya nyumba yetu, ulisimama. Jackson alikuwa amewazuia maksai. Alivua kofia, akangoja pembeni, hakumtazama mama. Alitazama kule mama alikokuwa akitazama. Kimeli alikuwa anafungua zizi, akasimama pia kwa sababu njia imezibwa, akawatazama wote wawili kama mtu aliyekuta ng'ombe wa watu katika ngano.

Mama alipomaliza alifuta mdomo, ingawa hapakuwa na kitu cha kufuta.

"Umemaliza, Mama Esther?" Jackson aliuliza.

"Nimemaliza, Mzee. Pita, treni isikuache."

Akavaa kofia akapita.