Nusu Lita ya Fundi Betri

Wiki iliyopita, kwenye benchi la maabara ya hospitali huku Kilosa, nilikaa na fundi betri kutoka Mikumi. Ameyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu kwa miaka mingi, na sasa kila baada ya miezi michache anatolewa damu ili ijulikane sumu ya madini hayo imefikia wapi.

"Shikamoo, mzee," nesi alimwamkia huku akifungua faili.

"Marahaba, mwanangu."

"Kipimo cha mara iliyopita kilipanda. Kikipanda tena, kazi utaiacha. Unanawa kabla ya kula?"

"Kwa sabuni."

"Nguo za kazi?"

"Naziacha huko huko karakana."

"Na maziwa, bado unakunywa?"

Fundi alikunja mkono wa shati taratibu. "Kila jioni, nusu lita."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mafundi mnadanganyana, mzee. Maziwa hayatoi risasi kwenye damu. Si nilishakueleza?"

"Ulinieleza, nikaelewa."

"Sasa unayanunua ya nini?"

Mzee aliutazama mkono wake, ambao tayari alikuwa ameulaza mezani. "Tangu mke wangu afariki, anayepiga hodi kwangu ni mama wa maziwa tu."

Nesi alimfunga mpira mkononi, polepole kuliko alivyotufunga sisi wengine.

Mimi maziwa hunivuruga tumbo, na wachuuzi wa mlangoni huwa nawafukuza kabla hawajamaliza salamu. Jioni ile mama wa maziwa wa mtaani kwetu alipopita kwa jirani, nilitoka nikamwita. Nilichukua nusu lita, nikamwambia na kesho apite.