Mafaili Yote Yaliitwa "Mpya"

Mama Pacha alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika kituo kidogo cha redio, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna viumbe waliomkosesha raha kama watangazaji. Aliwatengenezea programu ya kuhifadhi rekodi: kila jioni inapita kwenye folda ya kila mtangazaji, inakusanya mafaili ya sauti na kuyabana pamoja katika faili moja la zipu. Alijaribu kufunga, ikafunga. Kufungua hakujaribu, alikuwa na kazi chungu nzima.

Siku moja mtangazaji wa kipindi cha asubuhi akamjia, macho mekundu. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa amefariki. Mtangazaji aliwahi kumhoji redioni, na sasa ndugu walitaka kuisikia sauti ya marehemu.

"Faili uliliitaje?" Mama Pacha akauliza.

"Mpya."

"Mpya nini?"

"Mpya tu, dada yangu."

Akafungua zipu ya siku ya mahojiano. Likatoka faili moja, "mpya", na ndani yake mtangazaji wa michezo akipiga kelele za goli. Mama Pacha akashika kichwa. "Jamani! Kwani nyinyi wote kila kitu mnakiita mpya?"

"Si lilikuwa jipya?"

Alitamani kucheka, alitamani kurusha kiti. Ila zipu yenyewe ilikuwa nzito mno kuwa na faili moja tu. Akarudi kwenye programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, mpaka akaliona kosa: alikuwa ameiagiza ichukue jina la faili na kuacha la folda. Rekodi zote zilikuwa mle ndani, zimelala chini ya jina moja. Zikitolewa, kila inayofuata inaifuta iliyotangulia.

"Na mimi nami!" akasonya.

Akaacha kuzitoa zote kwa mkupuo. Akaandika mistari michache ya kuisoma zipu faili moja moja, kila moja likitoka na namba yake. Tangazo la sabuni. Muziki. Hali ya hewa, mara mbili. Mtangazaji alikuwa akimhemea sikioni hadi akamfokea, "Kaka, nipishe nipumue!"

Mara sauti ya mama mtu mzima ikajaa chumbani: "Mwanangu, swali umeshauliza. Sasa niache nijibu."

Mtangazaji akakaa sakafuni. Mama Pacha akaongeza sauti, akatoka, akamfungia mlango.