Sisimizi wa Mama Lariba

Mama Lariba alinitia wazimu kwa miaka kumi na moja. Kila mke wa mmoja wa wanawe akijifungua kwenye zahanati yetu, nje kidogo ya mji wa Navrongo, yeye yuko mlangoni na kibuyu chake. Akamue maziwa ya kwanza, atumbukize sisimizi. Wakifa, eti maziwa machungu! Mtoto hulambishwa maji ya mizizi mpaka maziwa ya mama yake yasafishwe. Siku tatu, siku nne! Nimesema mpaka koo likakauka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Asubuhi ile Atampoka, mke wa kitinda mimba wake, alizaa binti. Nikamkausha mtoto, nikamlaza tumboni kwa mama yake, nikawafunika kanga.

"Nesi, asinyonyeshwe!" Mama Lariba akadakia. "Sisimizi sijapata. Mvua imewafukia wote."

"Basi kawatafute. Mbali huko."

"Usinichezee, we binti! Nimezaa wewe hujajua hata kujifunga kanga."

Akatoka akibamiza mlango. Atampoka akaanza kulia. "Nikimkatalia atanirudisha kwetu."

"Nani kakwambia ukatae? Usimpe, usimnyime. Lala tu, mikono pembeni."

Mtoto alitulia kwanza, macho wazi. Akalamba kiganja chake. Kisha akakunja miguu, akasukuma tumbo, akapanda kidogo. Akapumzika. Lo, mapumziko yale! Akasukuma tena, akigongagonga kichwa, mate yakimtoka. Mkunga mzima mimi natokwa jasho, jicho mlangoni. Haraka basi, mama wee! Karibu saa nzima. Akafika kwenye titi, akapanua mdomo, akanasa.

Mlango ukafunguliwa. Mama Lariba kashika kibuyu, sisimizi wanahangaika ndani.

"Nani kampa?"

"Hakuna. Kaenda mwenyewe."

"Mwongo mkubwa!"

Nikafunua kanga. Miguu ya mtoto ilikuwa bado inasukuma. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata majibu nilishayapanga.

Mama Lariba akaketi kitandani.

"Wa kwanza wangu alinigongagonga hivi hivi kifuani," akasema. "Nikamtoa. Sisimizi walikufa mara tatu. Siku ya nne mtoto akanyamaza moja kwa moja."

Akainuka, akaenda kuwamwaga wadudu wake nje. Miaka kumi na moja namfokea mwanamke yule, na sikuwahi kumuuliza alizaa wangapi.