Imeli ya Marehemu Iliyoendelea Kujibu

Mama Swabra alivunja eda kuja ofisini kwetu. Mjane wa Kiislamu hatoki nyumbani kabla ya siku zake kuisha, lakini yeye alitoka Woodley mpaka katikati ya jiji, akaninyooshea simu.

"Otieno, nisomee hii."

Alikuwa amemwandikia imeli marehemu mumewe, Mzee Shekue wa ofisi yetu, kwa uchungu tu, kwamba nyumba imekuwa kubwa. Na mumewe alikuwa amemjibu: "Niko safarini kidogo. Nitarudi Jumatatu."

"Jumatatu gani?" akaniuliza.

Meneja Barasa akatoka chumbani kwake. "Pole, mama. Muulize huyo. Imeli ni kazi yake."

Nyinyi vijana wacha niwaambie vile kazi hii ilikuwa. Niliajiriwa kufagia, shule ya msingi sikumaliza. Mzee Shekue, karani wetu mkuu wa kutoa mizigo forodhani, ndiye aliyenikalisha kwa kompyuta siku ya kwanza. Imeli nne ziliingia kwa programu moja: ya ofisi, ya mkurugenzi, ya Barasa na yake. Kila moja ina kikasha chake, lakini zote unazijibia mahali pamoja. Kwa hivyo kabla ya kutuma unaangalia pale juu, panapoonyesha barua inatoka kwa nani.

"Ukikosea hapo," aliniambia, "umemtia mtu maneno mdomoni."

Alipofariki, nilimwambia Barasa tufunge anwani yake, barua ziingie kwa ile ya ofisi, na wateja waambiwe ukweli.

"Hao wateja walikuwa wake. Wakijua amekufa watahama. Kwani wewe ulifika darasa la ngapi?"

Akakaa kwa kiti changu, akaandika lile jibu la safari, la kujituma lenyewe kwa yeyote atakayemwandikia marehemu. Nilimpigia mkurugenzi kwake Loresho, nikamweleza. Akasema, "Bora kazi isisimame."

Siku hiyo ya Mama Swabra nilifutwa kazi kabla ya jioni. Barasa aliwaambia watu kwamba nilikuwa nachezea imeli ya maiti. Jamaa za Mzee Shekue, niliobeba nao jeneza, hawajibu salamu yangu.

Sasa ni kama nimestaafishwa kabla ya umri wangu. Kazi nikipata ama nikikosa, hiyo ni shida yangu. Lakini wewe Barasa ndiye uliyeandika maneno yale, na wewe mkurugenzi ukayabariki. Nendeni Woodley, mketi mbele ya yule mama, mmwambie kwa mdomo wenu ni nani aliyemjibu.