Shangazi Tum, Shahidi wa Wazungu

Kama kuna mtu katika mji wa Udon Thani aliyezaliwa kusema kweli mbele ya serikali, basi ni Shangazi Tum, muuza saladi ya papai bichi wa kichochoro cha nyuma ya stesheni. Si kwamba alikuwa mtakatifu. Wateja aliwadanganya mchana kweupe, akiapa kwamba papai lililolala pale siku mbili limechumwa alfajiri. Lakini mkalishe mbele ya afisa wa uhamiaji, mwenye mhuri mezani na picha ya mfalme ukutani, ulimi wake unanyooka kama rula.

Kichochoro kile kilikuwa na wazungu watano waliooa hapohapo. Kila mwaka kila mmoja wao lazima aombe upya kibali cha kukaa, na serikali haitosheki na cheti cha ndoa. Inataka jirani aje kusema kwa kinywa chake kwamba ndiyo, hawa wawili wanaishi pamoja na hawakuoana kwenye karatasi tu. Wake wote watano walimkimbilia Shangazi Tum, kwa sababu kibanda chake kiko mdomoni mwa kichochoro na hakuna kinachompita: nani kanunua nini, nani kanuna, nani karudi asubuhi. Yeye hakudai chochote ila safari ya kwenda na kurudi kwenye gari lenye kiyoyozi.

"Watano nimewashuhudia, na watano wote wapo," alipenda kujisifu. "Hata yule ambaye mkewe angefurahi akiondoka."

Ukimuuliza anapata nini, atakuambia habari za mwanawe Uthai, anayefanya kazi kiwandani Taiwan mwaka wa tisa huu. "Kule nako hakosi mwanamke mwenye kibanda," husema. "Nikimsemea vizuri mtoto wa watu hapa, yule atamsemea vizuri wangu." Hesabu hiyo haina ushahidi wowote, lakini aliishikilia kuliko hirizi.

Katika watano hao, aliyempenda ni Hek. Jina lake kamili ni Heikki Lehtonen, ila kichochoro hakikuwa na muda wa majina marefu. Hata Tum mwenyewe jina lake la cheti alilisikia hospitali tu. Hek alikuwa mzee wa miaka sitini na sita, fundi wa lifti mstaafu kutoka Finland, mrefu mpaka kila mlango wa mtaani aliuingia kwa kuinama. Alimwoa Kung, mshona nguo. Alikuwa mtu wa kimya. Mwaka wa kwanza majirani walidhani ni busara. Mwaka wa pili wakagundua kwamba maneno tu hana.

Mwaka huu, kama kawaida, Kung alimwita Tum aje kusimamia upigaji picha. Maana serikali hutaka picha za mke na mume nyumbani: langoni penye namba ya nyumba, sebuleni, na, msicheke, kitandani.

"Sogeeni!" Tum alifoka akiwa ameshika simu. "Mmekaa kama watu wanaosubiri kung'olewa meno."

"Shangazi, joto," Hek alilalamika ndani ya shati lililofungwa vifungo mpaka kooni.

"Joto lipo kila siku, kibali ni mara moja kwa mwaka. Mshike mkeo mkono."

"Akinishika anacheka," alisema Kung.

"Na acheke. Kucheka hakujapigwa marufuku."

Walirudia mara saba. Katika picha iliyo bora kuliko zote, Hek amefumba macho.

Ofisini Tum alikaa wima ndani ya blauzi yake ya kwendea hekaluni. Afisa kijana akamuuliza kama anajua lolote la ndani kuhusu bwana huyu.

"Mheshimiwa, anakoroma. Treni ya alfajiri ikipita, sisi kichochoroni hatujui lipi behewa na lipi koo lake."

Kijana aliuma midomo asicheke, akaandika. Kisha akasema kwamba safari hii maneno hayatoshi, maafisa watakuja wenyewe mtaani, siku yoyote, kuhakikisha. "Wakikuta bwana hajulikani pale, ombi limekataliwa. Atakuwa na siku saba za kuondoka nchini."

Kung alirudi na siku saba hizo zimemkaa rohoni. Akawa haondoki nyumbani, kama kuku anayeatamia.

Mambo yangeishia hapo vizuri kama Tum asingeteleza kwenye sakafu yake mwenyewe akiosha vyombo. Kiganja cha kulia kilivimba kama andazi. Na saladi ya papai haikatwi ikaisha, hutwangwa kinuni: pilipili, kitunguu saumu, nyanya, maji ya samaki wa kuvundika, ndipo papai. Bila mkono hakuna mchi, bila mchi hakuna kibanda. Alifunga siku mbili, akakaa mlangoni akiwatukana nzi.

Siku ya tatu Hek alikuja, akamsogeza na kigoda chake, akanawa mpaka kwenye viwiko kama anayekwenda kupasua mgonjwa, akashika mchi.

"Shangazi kaa. Sema tu."

Basi Tum akawa wa kusema na Hek wa kutwanga. Mwanzoni watu walikuja kutazama, baadaye wakaja kula. Hek alihesabu pilipili kama fundi anavyohesabu skrubu. Aliyesema nne alipata nne, hapati tano hata kwa kubembeleza. Aliyesema kumi alitazamwa usoni kwanza.

Ila jambo hilo lilikuwa kosa, na kichochoro kizima kilijua. Mgeni asiye na kibali cha kazi hafanyi kazi, hata ya bure, hata ya huruma. Wiki iliyotangulia, mtaa wa pili, Mwingereza mmoja alipelekwa kituoni kwa kubeba sahani mbili kwenye mgahawa wa mkewe. Sahani mbili! Kwa hiyo Chuan, kinyozi wa jirani, alipewa kazi ya kukohoa akiona sare ya polisi.

Wale walipokuja, hawakuvaa sare. Siku hiyo Kung alikuwa amempeleka mama yake hospitali, nyumba imefungwa. Mzee mmoja mwenye mvi na shati la maua, pamoja na msichana mwenye mkoba, walisimama kwa muuza nazi wakamwonyesha kitambulisho. Tum akaona kile kitambulisho. Woga hutangulia, akili hufuata nyuma ikihema. Wala hakukumbuka uhamiaji, wala picha ya kitandani. Alichoona ni sahani mbili za Mwingereza.

"Polisi! Toka kinuni! Ingia kwa Chuan!"

"Shangazi, papai bado..."

"Papai baba yako! Ingia!"

Hek akaingia kwa kinyozi, akagonga kichwa kwenye kizingiti kama desturi. Wale wawili wakafika, wakaunganisha viganja kumsalimu Tum kwa heshima.

"Shangazi, samahani," alisema mwenye mvi. "Mimi ni Inspekta Wichian. Tunamtafuta mzungu mmoja, Bwana Heikki Lehtonen. Unamfahamu?"

"Mzungu?" Tum alishangaa kana kwamba ameulizwa habari za nyangumi. "Hapa? Hapa hatuna mzungu, mheshimiwa. Joto hili watalivumilia wapi?"

Waliosikia wakasikia. Kichochoro chetu kina ubaya wake, kwa umbea hatujambo, lakini mmoja akianza kuimba wengine huitikia. Muuza tambi akasema wazungu labda mjini. Muuza nazi tayari alikuwa amewaelekeza kituo cha mabasi. Bibi Khamplew wa nyumba ya mwisho, mwenye miaka themanini na mitatu, ambaye Hek humbebea maji kila asubuhi, alisema mzungu wa mwisho alimwona kwenye televisheni, na alikuwa mwembamba.

Inspekta akasukuma mlango wa kinyozi. Kitini alilala mtu aliyefunikwa taulo usoni, povu likichungulia pembeni. Miguu yake ilivuka kiti, ikavuka na mkeka, myeupe, yenye madoa mekundu ya mbu, ikaishia kwenye kandambili ambazo mtu angeweza kuvukia mto.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mjomba wangu," alijibu Chuan, wembe mkononi. "Katoka kijijini. Bubu."

"Mjomba, hujambo?"

"Sijambo," alisema bubu.

Inspekta aliitazama ile miguu kwa muda. Alirudi kibandani, akakaa kwenye benchi, akafungua faili.

"Na Bibi Thongbai Sisombat, yeye yupo? Ndiye shahidi wao."

"Hakuna mtu wa jina hilo hapa," alidakia muuza tambi, kwa roho safi kabisa.

Lakini Tum alilisikia jina lake la cheti, akageuka. Faili lilikuwa wazi mezani. Akaiona ile picha: Kung anatabasamu, Hek kafumba macho.

"Tumetoka ofisi ya uhamiaji," alieleza Inspekta taratibu. "Tulikuja kuthibitisha kama hawa wanaishi hapa. Nyumba imefungwa, mke hayupo, shahidi hajulikani, na majirani wote wanasema hawamjui bwana. Leo ndiyo siku ya mwisho ya ombi lao." Akamgeukia msichana. "Andika: hajulikani."

Msichana akafungua kalamu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tum ilikuwa imeishia hapo, kwenye ncha ya kalamu ile. Akimkana Hek, siku saba. Akimkiri, ataulizwa habari za kinu, na yule bubu mwenye maji ya papai mpaka kwenye nyusi. Yeye, aliyeshuhudia watano, ndiye amemfukuza mmoja kwa mdomo wake.

"Mwanangu, usiandike!" Aliishika kalamu kwa mkono mbovu, akalia kwa maumivu, akaendelea kuishika. "Mheshimiwa, Thongbai ni mimi. Nimesema uongo. Anaishi hapa mwaka wa tisa. Mkono wangu ni huu, utazame, na yeye alikuwa ananitwangia. Kosa ni langu. Kama ni kuchukua mtu, nichukueni mimi, ila mniache kwanza nifunike samaki."

Mlango wa kinyozi ukafunguka. Hek alitokea na povu shavu moja, la pili limenyolewa.

"Mimi Hek," alisema. "Naishi hapa. Natwanga."

"Nyamaza wewe!" Tum alimkemea. "Miaka tisa huna maneno, leo ndiyo umeyapata?"

Inspekta Wichian alivua miwani, akaifuta kwa shati la maua.

"Analipwa?"

"Analipwa nini? Anakula."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na wala hasemi kama kimekolea."

Inspekta alimtazama msichana. "Mwanangu, mimi kazi hii ni mwaka wa ishirini na mbili. Nikienda kwa mzungu wa ndoa ya karatasi, majirani hunijia mbio. 'Ndiyo, mheshimiwa, anaishi hapa, mtu mwema sana, anampenda mkewe.' Wamefundishwa, na maneno yao yote yanafanana. Mtaa mzima kumficha mtu nisimwone, hilo sijawahi kulikuta. Mtu huwezi kumkana namna hii kama si wako." Akavaa miwani. "Futa 'hajulikani.' Andika: majirani wote, kuanzia muuza nazi mpaka kinyozi, wamemkana mwombaji mbele yangu, mmoja baada ya mwingine. Anaishi hapa."

"Mkuu, niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Na mchi mimi sikuuona. Nilimwona mtu ananyolewa." Akamgeukia Tum, sauti ikawa kali kidogo. "Ila kesho nikipita, shangazi, nisiuone tena mkononi mwake. Tafuta mpwa wa kike akutwangie."

Tum alilia waziwazi, kamasi na yote, huku Hek amesimama pembeni akimpapasa bega kwa kidole kimoja, kama anayebonyeza kitufe.

Kibali kilitoka. Mpwa alipatikana, mvivu lakini wa halali. Mwenye shida alibaki Bibi Khamplew, ambaye hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba mambo yamekwisha. Mpaka leo Hek akimpelekea maji asubuhi na kumsalimu, bikizee hutazama kwanza kushoto na kulia.

"Sikujui," humwambia, kisha humsogezea kiti.