Kunde Zilizochomwa kwa Adabu

Bwana shamba wetu tumemzika kijijini Ole, na subira yangu ilikatika kwenye khitma yake. Dua imekwisha kusomwa, wali unapakuliwa, mara ofisa mmoja wa idara yao ya kilimo akasimama uani na kusema, "Kazi ya marehemu tutaiendeleza." Nami niko upande wa wanawake, mtoto yuko titini. Sauti yangu ikavuka pazia: "Kazi ipi? Ya kuchoma kunde?" Mama mkwe akanifinya paja.

Wasomaji wangu, marehemu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichosha. Mikarafuu ilikuwa ikifa imesimama, kila mtu anatafuta wa kulaumiwa, naye aliamriwa na wakubwa wake kwamba mzizi wenye uvimbe ni mzizi mgonjwa, uchomwe. Akaja shambani kwangu, akang'oa kunde moja katikati ya mihogo, akanionesha vifundo vidogo mizizini.

"Majipu haya, bi mwalimu."

"Pasua kimoja, bwana shamba, utaona wekundu ndani. Humo mna bakteria. Wanachukua chakula hewani wanailisha ardhi. Tulifundishwa skuli."

"Bakteria ndio nini?"

"Vijidudu."

"Basi si ndiyo maradhi yenyewe hayo!"

Watu aliokuja nao wakacheka. Mama mkwe naye akatia lake: "Kasoma Unguja, karudi kutetea wadudu!" Kunde zikakusanywa, zikatiwa moto. Yeye, kwa ile adabu yake, akampokea mwanangu wa kwanza, wakati huo hata kutambaa bado, akasimama naye pasipo moshi, akimbembeleza mpaka kunde zangu zikaisha kuungua. Nikamwambia ahsante. Ningesema nini?

Msimu uliofuata mihogo ilitoka myembamba kama vidole. Ardhi ile ilikwisha kuchoka zamani, na aliyekuwa akiilisha tulimchoma. Mwanangu yule sasa anauliza mbona chungu hakijai, nami nimechoka kumjibu. Nilichojifunza ni hiki: amri ya kijinga ikibebwa na mtu mbaya, tunamfungia mlango, ikibebwa na mtu mwema, tunampa na mtoto ashike.

Kulipokucha baada ya khitma ile nilikwenda kwa mudiri, mkuu wa serikali wa wilaya yetu. Karani akauliza namshitaki nani. Nikamwambia maiti hashitakiwi, andika: "Nalalamikia amri ya kuchoma kunde zenye vifundo. Naomba isimamishwe kabla ya masika, na atakayeshika kazi ya marehemu, kabla hajawasha kibiriti, aje apande kunde shambani kwangu, kisha angoje mihogo pamoja nasi."