Aparei Inayosahau Siku

Annie ni jirani yangu. Tunakaa lupango moja, ua mmoja, kule Katuba, milango yetu inatazamana, na katikati kuna bomba la maji na kamba za nguo. Watu wanamwita Mama Merdi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ninamwita yaya, ndiyo kusema dada mkubwa, kwa sababu siku nilipohamia pale na mimba ya Benita wangu, yeye ndiye aliyeniletea maji ya moto kabla hajaniuliza hata jina. Babu yake alikuwa mtu wa reli kule Kabalo, baba yake akashuka huku kufanya kazi ya mgodi, na yeye amezaliwa hapa hapa Lubumbashi. Ni mwanamke mrefu, mpole, hapigi kelele. Akiwa na wasiwasi anafua nguo. Ukiona kamba yake imejaa siku ya Jumatano, ujue kuna jambo.

Mwaka 2025 kamba ile ilikuwa imejaa kila siku.

Mwezi wa kwanza tulisikia Goma imeanguka mikononi mwa waasi, na watu wa kule wakaanza kufika kwa ndugu zao huku kwetu, na watoto na mifuko. Mwezi wa pili kobalti ikakatazwa kutoka nje ya nchi. Vital, mume wa Annie, alifanya kazi katika kampuni ndogo ya mgodi upande wa Kinsevere. Kampuni ikafunga, naye akaenda Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa, kwa kaka yake kujaribu biashara ya samaki. Mwezi wa tatu watu wawili wa pikipiki wakamnyang'anya Annie simu mbele ya soko. Simu ile ndiyo ilikuwa jembe lake. Alikuwa anapiga foto za ndoa, za ubatizo, za kilio, anazitoa kwenye karatasi, na watoto wanakula.

Vital alipiga kwenye simu yangu. Mimi nilikuwa ninamnyonyesha Benita, nikamwekea Annie simu kwenye sikio kwa mkono mmoja, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama Merdi, naona mukuye huku Kilwa. Batoto bamalize mwaka, kiisha mupande gari."

"Na masomo ya Merdi? Mwaka unaokuya anaingia ya sita."

"Hata huku masomo iko."

"Iko na mwalimu mumoja kwa darasa tatu. Njo we mwenyewe uliniambia."

"Basi tafuta kazi. Mwezi wa saba ukifika na kazi haiko, munakuya. Siwezi kulisha nyumba mbili na samaki ya kukausha."

Annie alinirudishia simu, akachukua beseni, akafua mashuka yaliyokuwa safi.

Ndiyo sababu tulikwenda kwa Kasereka. Huyu ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, anauza sabuni na mafuta kwa jumla karibu na soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, na hafungui duka bila kusali. Lakini mali yake nyingi ilikuwa imefungiwa ndani ya depo kule Goma, na duka lake lilikuwa nusu tupu. Akaanza kutoa vitu vyote vya nyuma: saa za ukuta, pasi, redio, na katoni moja ya aparei za foto alizozileta kutoka Dubai zamani, simu zikaingia, watu wakazisahau.

Annie alichukua moja. Ilikuwa nzito, ya rangi ya fedha, imechubuka kwenye kona.

"Yaya," nikamwambia, "nani anatembea na kintu kama hii leo? Bantu batacheka."

"Bacheke. Sitafute kupendeza, natafuta kutumika kazi."

Nilimtazama anavyoipima. Kwanza alifungua kifuniko cha pile, zile betri ndogo za redio, akaangalia kama kuna kutu ya kijani. Akanusa. Akaiwasha na kuizima mara tatu, akisikiliza lensi inavyotoka na kurudi, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Kisha akampiga Benita foto mgongoni mwangu, akavuta karibu kibao cha famasi ng'ambo ya barabara, akakisoma kwenye kioo neno kwa neno. Alipomrudia Benita niliona kope za mtoto wangu moja moja, na tone la maziwa kwenye kidevu ambalo mimi mwenyewe sikuliona.

"Simu yangu ile haikuweza hivi," akasema.

"Lakini foto haitaingia WhatsApp," nikasema.

"Haiingie. Nitatoa kadi, napeleka kwa mutu ya ordinateri, ya kompyuta, naye anatoa karatasi. Karatasi njo bantu banalipia. Na courant ya umeme ikikosa siku tatu, simu inalala. Hii nanunua pile kwa butike, naendelea."

Kasereka alikuwa anasikiliza. Akakohoa.

"Mama, sitakudanganya, Mungu ananiona. Iko na kilema. Ndani ya chumba yenye giza, bila flashi, inaleta foto kama muchanga. Iko polepole, ukipiga moja inapumua. Na tena ukitoa pile, inasahau siku. Inarudia mwaka ya elfu mbili na sita. Lazima uirudishie tarehe na mukono."

"Kusahau siku haina kosa, Papa Kasereka. Hata mi nasahau."

Annie akatoa ndani ya mfuko aliobeba kitenge chake cha bei cha super-wax, ambacho alikuwa hajakishona, kile Vital alichomnunulia akiwa bado na kazi. Kasereka alikigeuza pande zote mbili, akaongeza kadi na pakiti mbili za pile, wakapeana mikono. Njiani sikumwuliza habari ya kitenge.

Kazi ya kwanza ilikuja kwa njia ya Mwalimu Stanislas, katekista wa parokia yetu, mzee mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwaka uliopita, siku ya komunyo ya kwanza, wazazi walijaa mbele ya altare na simu juu, hata padri akakosa pa kupita. Kwa hiyo mwaka huu simu zilikatazwa. Mtu mmoja tu angepiga foto ndani ya kanisa, kwa watoto wote thelathini na mmoja.

"Mama Merdi, aparei yako haiiti wakati wa misa?"

"Haiiti, Mwalimu. Haijue kuita."

"Muzuri. Ukifanya kazi ya haki, kipaimara njo yako, na ndoa za parokia pia. Ukiharibu, natafuta mwingine, na usinililie."

Kwetu foto bila tarehe watu wanaishuku. Ukiipeleka ofisini, au ndugu wakigombana, mtu atasema ni ya zamani. Kwa hiyo Annie aliiweka aparei iandike tarehe kwenye kona, kwa namba za rangi ya chungwa. Akaijaribu nyumbani, ikaandika sawa.

Jumapili ile, tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita, kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Baridi inaua pile haraka, kwa hiyo Annie alinipa za akiba, nikaziweka ndani ya kitenge pamoja na Benita, kwenye joto lake. Nilikaa benchi la kwanza, pembeni.

Watoto walipita na nguo nyeupe na sweta chini yake. Annie alipiga goti kando ya padri, akapiga mmoja, akasubiri aparei ipumue, akapiga mwingine. Watoto kumi na wanne. Wa kumi na tano alipofumba mikono, aparei ikazimika.

Nikampa pile. Alizibadilisha, akawasha, na kwenye kioo kitu kikaanza kumetameta, kikiuliza. Mtoto alikuwa ameshafungua kinywa. Annie akabonyeza, akabonyeza tena, kioo kikafunguka, akapiga. Hakukosa hata mmoja. Tulipotoka nje alinikumbatia mimi na Benita pamoja, akacheka kama msichana.

Jumatatu alikwenda kutoa foto kwenye karatasi, kwa fedha ambayo wazazi walitanguliza. Alirudi, akapita mlangoni kwangu bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye beseni. Nikajua.

"Yaya, nini?"

Akanionyesha. Foto zilikuwa nzuri, Mungu shahidi. Ngozi za watoto zinang'aa, mshumaa unaonekana hata moto wake. Foto kumi na nne zilikuwa na tarehe yake. Nyingine kumi na saba, pale kwenye kona, ziliandikwa tarehe moja mwezi wa kwanza 2006.

"Iliniuliza siku," akasema. "Iliniuliza, na mi nikaifunga kinywa."

"Haiwezi kufutwa?"

"Mutu ya ordinateri alijaribu, ikaacha alama kama mafuta kwenye nguo ya mutoto. Tukikata kona, tunakata mikono. Na fedha yote imeisha ndani ya karatasi." Akasugua suruali ya Merdi ambayo haikuwa na doa. "Nitaanza kufunga mizigo ya Kilwa."

Jumanne nilikwenda naye kwenye uwanja wa parokia kugawa foto. Aliniambia nisije, nikaja. Mwalimu Stanislas alikuwa mezani na daftari lake kubwa la komunyo. Wamama walipokea, wakatabasamu, wakabusu foto. Kisha Mama Victorine, anayeuza mikate kwenye barabara yetu na ambaye sauti yake inafika mbele yake, akasogeza foto karibu na macho.

"Elfu mbili na sita? Yee mama! Mutoto yangu iko na miaka kumi! Alikula komunyo mbele ya kuzaliwa?"

"Mi elfu mbili na sita nilikuwa darasa ya tatu primere," mwingine akasema. "Nilikuwa nazaa kwa darasa?"

"Labda iko ya malaika," wa tatu akasema, na uwanja ukacheka. Annie naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa.

"Tunacheka, lakini fedha yetu irudi," Victorine akasema. "Bakwe yangu ya Sakania batasema nilikopa foto ya mutoto ya bantu. Mama Merdi, we ulinunua aparei ao ulinunua kalenda ya babu yako?"

Mwalimu Stanislas alivua miwani. Nilimwona anatafuta maneno ya kumwambia Annie, na niliyajua maneno yenyewe.

Pale nyuma alikuwa amesimama Émerance, dada mdogo wa Kasereka. Alifika kutoka Goma mwezi wa pili na binti yake Abigaïl. Ni mtu wa kukaa kimya, hata kwenye bomba anangoja wengine wamalize. Foto ya Abigaïl ilikuwa moja ya zile kumi na saba. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili muda wote.

Akafika mezani.

"Mwalimu, huyu mutoto, cheti yake ya ubatizo ilibaki kule. Foto zake zote, toka anazaliwa, zilibaki kule. Hii njo foto yake moja niko nayo." Akaigeuza, akaiweka mgongo juu. "Hii namba ya mbele ni ya mashini. Nyuma iko mweupe. Andika hapa jina yake, na siku, na namba yake ndani ya daftari. Kiisha uweke muhuri ya parokia. Baba yake, mwenye alibaki kule, akiiona, asome ni lini na ni wapi."

Mwalimu Stanislas alimtazama, akatazama foto. Akavaa miwani. Akatafuta namba kwenye daftari, akaandika polepole na bic ya bluu, akafungua kisanduku cha wino, akapiga muhuri. Émerance alipuliza wino ukauke. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamejaa, lakini alikuwa anatabasamu.

"Aksanti, Mama Merdi," akasema. "Mutoto yangu iko muzuri sana humu."

Victorine alinyoosha shingo.

"Ngoja kwanza. Ya Goma iko na muhuri, na yangu hapana?"

"Yako ulisema inarudi," Mwalimu akajibu.

"Nani alisema? Mi niliuliza tu!" Akaigeuza foto yake mezani kwa nguvu. "Andika. Na uandike na jina ya mama wa ubatizo, Sakania bajue kila kintu."

Ikawa foleni. Wenye 2006 walipita, kisha wale wenye tarehe nzuri nao wakarudi, wanalalamika kwamba zao zimebaki uchi nyuma. Mkono wa Mwalimu ukachoka, akamsukumia Annie bic. Annie akaandika, yeye akapiga muhuri. Bibi mmoja wa upande wa Kongolo alipokea ya mjukuu wake, akamshika Annie kichwa kwa viganja viwili: "Wafwako, mwana, wafwako." Ni kushukuru kwa Kiluba, lugha ya nyumbani kwao Annie.

Uwanja ulipobaki na sisi watatu, Mwalimu alifunga daftari.

"Kipaimara iko mwezi wa nane," akasema. "Utakuya mapema. Tarehe ya hiyo aparei nitaiangalia mi mwenyewe, kila ukibadilisha pile, hata kama Askofu anangoja."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na karatasi zote zipite kwangu kwa muhuri. Sasa balizoea."

Siku hizi wamama wananiuliza kwenye bomba kama nao wanunue aparei ya zamani. Ninawaambia nilichokiona. Kama unataka foto ifike kwa dada yako Kinshasa dakika hii, baki na simu yako. Kama unataka kazi, au foto ya mtoto ambayo hata mwizi wa simu hataondoka nayo, inunue, lakini kwanza fungua mlango wa pile unuse, na usikilize lensi.

Jioni ile ya Jumanne Vital alipiga. Nikamwekea Annie simu, Benita akinyonya, kama kawaida yetu.

"Basi, nitume gari ibachukue?" Vital akauliza.

"Usitume gari. Kazi iko. Kipaimara, na ndoa tatu mbele ya Noeli."

"Na aparei ya kizee ile?"

"Ile ile. Papa Merdi, sikia. Usikuye kutuchukua. Kuya kuikala hapa na batoto. Kazi ya kukata foto na kuzipeleka kwa bantu, mi peke yangu siwezi."

Nikasikia anacheka, na nyuma yake mtu wa Kilwa anapigia watu kelele wapakue mtumbwi.

"Niambie nilete nini," akasema.

"Leta samaki," Annie akasema. "Na uulize huko kama kuna mutu anaoa."